Sungura sita, mikono miwili

Nilinunua sungura sita wa Angora kwa mkupuo mmoja. Hilo ndilo kosa mama. Makosa mengine yote nitakayoyaeleza hapa ni watoto wake.

Kilichonivuta ni kitambaa cha shingoni kilichofumwa kwa manyoya yao. Nilikishika kwa mtu, chepesi mno, nikakivaa kwa mzaha, na baada ya dakika mbili shingo ikaanza kuloa jasho. Nikaenda kusoma. Unywele wa Angora una upana wa takriban mikroni 11 hadi 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mwembamba kuliko sufu ya kondoo wengi, na ndani yake una uwazi unaoshika hewa. Ndiyo maana ya ule wepesi na lile joto. Nikasoma tena kwamba manyoya huvunwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Nikachukua karatasi: sungura sita, mavuno manne kwa mwaka, ishirini na nne. Karatasi ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa mstari wa saa zangu.

Ujinga wangu wa wakati ule niuseme wote. Nilidhani angora na moheri ni kitu kimoja. Muuza nyuzi alinicheka mbele ya watu. Angora ni jina la zamani la mji wa Ankara, Uturuki, na limepewa mbuzi, paka na sungura wenye nywele ndefu. Moheri hutoka kwa mbuzi wa Angora, na angora yenyewe ndiyo ya sungura. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja "mbuzi wa Angora" na "uzi wa angora" katika sentensi moja, ujue anazungumzia wanyama wawili.

Kisha kuchagua aina. Wa Kiingereza ana manyoya mpaka usoni, macho huyaoni, masikio yana vishada nchani. Ni mdogo, kilo mbili na nusu hadi tatu na kitu. Wa Kifaransa uso wake mtupu kama sungura wa kawaida, mwili mkubwa zaidi, na manyoya yake yamechanganyika na nywele ngumu kidogo zinazozuia yasisokotane ovyo. Wa aina ya Satini manyoya yake yanang'aa, lakini hatoi mengi. Wa Kijerumani ndiye mfalme wa mizani, anaweza kupita kilo moja ya manyoya kwa mwaka, ila manyoya yake hayapukutiki yenyewe: usipomkata, yanaendelea tu kurefuka.

Mama aliyeniuzia aliniona nikiwakodolea macho wale wa Kiingereza. Akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kumchana mtoto asiyetaka kuchanwa?" Nikacheka. "Basi chukua hawa wenye uso mtupu, tena wawili tu." Nikachukua wawili wa Kifaransa kwa ajili ya kumridhisha, na wanne wa Kiingereza kwa ajili ya sura zao.

Banda nilijenga mara mbili, na la pili ndilo lililonimaliza pesa. La kwanza lilikuwa na sakafu ya mbao iliyotandazwa maranda, kama nilivyozoea kuona kwa sungura wa nyama. Siku kumi hazikupita, kila sungura alikuwa amevaa maranda. Hayatoki. Unatoa moja, mawili yanazama ndani zaidi. Nikabomoa, nikaweka sakafu ya waya wa matundu madogo unaopitisha mkojo na kinyesi, na kila mmoja nikampa kipande cha ubao wa kupumzishia miguu ili nyayo zisichubuke. Susu la nyasi kavu nalo nilikuwa nimelining'iniza juu, kwa hiyo kila wakila, mabua yanawamwagikia shingoni. Likashuka, likafungwa kwa nje, usawa wa mdomo. Bakuli za maji zikaondoka pia, maana sungura mwenye ndevu akinywa kwenye bakuli kidevu hakikauki, na manyoya yaliyolowa kutwa ndiyo mwanzo wa mafundo na vidonda. Sasa wanakunywa kwenye chupa yenye mrija. Ukijua haya kabla ya kupiga msumari wa kwanza, umejenga mara moja.

Tuje kwenye kuchana, maana hapo ndipo maisha ya mfugaji huyu yalipo.

Mwanzoni nilikuwa nachana kila siku kwa brashi, kwa bidii ya mgeni. Brashi ikawa inajaa manyoya mazuri niliyotakiwa kuyavuna, nami nayatupa. Nilipompigia simu yule mama, akaniambia niache brashi nitafute draya, ile ya kukaushia nywele, niiweke kwenye hewa ya baridi, nipulize kuanzia kwenye ngozi kwenda nje. Ni kweli. Upepo hutenganisha manyoya bila kuyang'oa, vumbi na mba huruka, na unaiona ngozi yenyewe: kama kuna utitiri, kama kuna wekundu, kama kuna fundo linaloanza. Chanuo hubaki kwa sehemu za hatari tu: kwapani, nyuma ya masikio, tumboni na chini ya mkia.

Hata hivyo, wakati ule sungura mmoja alinichukua dakika 25, na kila mmoja anahitaji mara mbili kwa wiki. Sita mara 25 mara mbili ni saa tano. Saa tano kila wiki, kabla hujashika fagio la banda, hujalisha, hujakata kucha. Ile karatasi yangu ya kwanza ningeirudia hapo, nadhani ningenunua kitambaa cha shingoni nikaenda zangu.

Wiki tatu niliugua, nikawa nawalisha tu. Nilipoinuka, Pamba, jike jeupe niliyempenda kuliko wote, alikuwa na bonge chini ya mkia gumu kama kisigino. Sungura hula kile kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka nyuma, wengi wao usiku, na ni sehemu ya lishe yake. Bonge likikaa pale hakifikii, kinaganda, na nzi wanaitwa. Mayai ya nzi yakianguliwa hapo, funza humla mnyama akiwa hai. Kwa hiyo nilikuwa na haraka. Nikashika bonge, nikalivuta juu, nikapitisha mkasi.

Nilikata ngozi. Ngozi ya sungura huyu ni karatasi. Ukiinua fundo, inainuka nalo kama hema, na huioni kwa sababu kila kitu ni cheupe. Pamba hakulia. Aligeuka tu akaniangalia, na damu ikaanza kuingia kwenye manyoya. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi nne, na sitasahau mikono yangu ilivyokuwa ikitetemeka nikimshikilia.

Tangu siku hiyo situmii mkasi bila chanuo. Chanuo hulala kati ya ngozi na fundo, mkasi hupita juu ya chanuo. Chanuo lisipopita, napasua fundo kwa vidole, kwa kufuata urefu wa nywele, vipande vidogo vidogo mpaka linyambuke. Inachosha. Wakati mwingine nalifanya fundo moja kwa siku mbili.

Sasa Majivu. Hii sipendi kuisimulia, ila ndiyo iliyonifanya niandike.

Majivu alikuwa dume la Kiingereza, la kijivu, na manyoya yake yalikuwa yanafika siku ya 90. Nikasikia kwamba wanunuzi hupenda manyoya marefu, nikajiambia nimwache kidogo yaongezeke. Tatizo ni kwamba karibu na miezi mitatu hadi minne manyoya yake huanza kulegea, na sungura hujilamba kutwa. Yanayolegea anayameza. Paka akimeza nywele hutapika. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia ama kipite chini au kibaki.

Siku ya 105 niliona kinyesi chake kimekuwa kidogo, halafu kikawa kimeunganishwa kwa nywele, punje moja baada ya nyingine, kama tasbihi. Nilicheka. Nilikipiga picha! Siku mbili baadaye akaacha chakula cha punje, kesho yake akaacha na nyasi. Watu wakaniambia nimpe maji ya nanasi na papai, kwamba huyeyusha nywele tumboni. Nikampa. Nywele ni keratini, protini ngumu ile ile ya kucha, na kile kilichomo kwenye nanasi na papai hakiiyeyushi. Kwa kweli nilikuwa nampa sukari mnyama ambaye tumbo lake limesimama. Nilingoja siku mbili nikitazamia muujiza. Asubuhi ya tatu nilimkuta amelala upande, baridi.

Daktari aliniambia kwa upole kitu ambacho ningetaka kila mfugaji aambiwe siku anayolipia sungura wake: sungura aliyepitisha saa kumi na mbili bila kula wala kunya ni mgonjwa wa dharura, si mgonjwa wa kesho. Na zile tasbihi ndizo zilikuwa onyo. Ukiziona, siku hiyo hiyo manyoya yaliyolegea yatoke mwilini, nyasi kavu zijae susuni, maji yawepo, na aachiwe atembee. Nyasi ndizo zinazosukuma. Siku hizi siku moja kwa wiki siwapi chakula cha punje kabisa, wanashinda na nyasi na maji. Sijaona tena tasbihi ndefu.

Nilimzika Majivu jioni, na usiku huo kwa hasira nikawakata manyoya wote watano waliobaki mpaka karibu na ngozi. Ndivyo kosa linavyozaa kosa. Kulikuwa na baridi. Mnyama aliyezoea koti la sentimita saba unamvua lote usiku mmoja, unategemea nini? Asubuhi wawili walikuwa wanatetemeka kwenye kona, mmoja anapiga chafya. Niliwahamishia ndani kwenye maboksi yenye majani makavu, nikaongeza chakula karibu nusu tena, na kwa bahati hakufa mtu. Sasa naacha sentimita moja hivi, nakata asubuhi, na wakati wa baridi kila mmoja ana boksi lake la kujibanza.

Joto nalo ni adui wa aina yake. Sungura hatoki jasho. Hupooza mwili kwa masikio na pumzi, na huyu amevaa koti juu yake. Ikifika nyuzi joto 30 za Selsiasi naanza kuwaangalia kwa karibu. Akipumua mdomo wazi, masikio ya moto, amejinyoosha hataki kuguswa, hiyo ni hatari. Nagandisha chupa za maji na kuwawekea ndani. Huziegemea wenyewe kama mtu anavyoegemea mto. Masikio nayalowesha kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Usimtumbukize kwenye ndoo, mshtuko unaweza kumuua. Na madume baada ya kipindi cha joto kali huweza kukaa wiki kadhaa bila kutungisha mimba. Nilimlaumu jike bure.

Kuzalisha kwenyewe kulinifunza kitu ambacho sikukisoma popote wakati ule. Mimba huchukua siku 31 hivi. Jike hujinyonyoa tumboni kutengeneza kiota, na kwa sungura wa kawaida hilo ni jambo jema. Kwa Angora manyoya hayo ni marefu na laini kama nyuzi za hariri. Vitoto vikijigeuza humo, yanajisokota. Siku ya tano nilikuta viwili vimekufa, manyoya yamewazunguka shingo, na cha tatu mguu umevimba kama kidole kilichofungwa uzi. Huyo nilimwokoa kwa mkasi mdogo wa kucha. Siku hizi jike namkata manyoya marefu siku chache kabla ya kuzaa, na kile anachojinyonyoa nakitoa, nakikatakata vipande vya sentimita mbili, nakirudisha. Kiota kinabaki na joto, kamba hazipo.

Jinsi ya kuchukua manyoya nayo inahitaji neno. Wa Kiingereza na wa Kifaransa hupukutika, kwa hiyo yakilegea unaweza kuyavuta kwa vidole, kidogo kidogo, naye sungura amelala mapajani wala hashtuki. Yakigoma, acha. Yanayogoma hayajaiva, na ukiyalazimisha unamtesa. Mwaka 2013 ilisambaa video kutoka China, nchi inayotoa sehemu kubwa kabisa ya angora ya dunia, ikionyesha sungura wakinyofolewa manyoya huku wakipiga kelele, na kampuni kubwa za nguo zikaacha kuinunua. Nilipoanza kutafuta wanunuzi, swali la kwanza halikuwa bei wala rangi, lilikuwa, "Unayatoaje?" Mara ya kwanza niliona kama natuhumiwa. Sasa namwambia mtu aje siku ya kukata, akae, aone. Waliokuja wote walinunua.

Lakini kabla ya kufika hapo niliharibu mavuno mazima. Ya kwanza kabisa, ya vitoto vya wiki nane, hayahesabiki. Ni mafupi na dhaifu. Ya pili yalikuwa mazuri, nikayashindilia kwenye mfuko wa plastiki ili yasichukue nafasi, nikafunga. Mwezi uliofuata nilifungua nikakuta kitu kama kofia iliyokaliwa. Angora ikibanwa, ikipata unyevu na joto, hushikamana na haiachani tena. Sasa natumia maboksi ya karatasi ngumu, tabaka la manyoya, karatasi, tabaka, bila kukandamiza, na nachungulia kila mara kama kuna nondo, wale wadudu wanaokula manyoya. Napanga papo hapo wakati nakata: ya mgongoni na ubavuni, marefu na safi, boksi lake, ya shingoni na tumboni, jingine, mafundo na vipande vifupi, la tatu. Konzi moja chafu ikiingia kwenye boksi la kwanza, mnunuzi atalipa bei ya ile konzi.

Miezi kumi na moja ilipita sijauza hata gramu moja. Nalisema kwa wanaopiga hesabu kama yangu. Chakula hakingoji, tena hawa wanahitaji chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, kwa sababu manyoya yenyewe ni protini. Nilipojaribu cha bei nafuu, mavuno yalipungua na unywele ukakatika. Afueni ilikuja nilipojifunza kusokota. Uzi hulipa kuliko manyoya ghafi, ingawa wiki za mwanzo nilitukana sana: angora inateleza, inapeperuka, inaingia puani, na isiposokotwa kwa mzunguko wa kutosha uzi unaachana mkononi. Haina mafuta kama sufu ya kondoo, wala haina mnepo. Nilifuma sweta la angora tupu kwa kiburi. Lilikuwa na joto la tanuri, na baada ya kuvaliwa mara nne lilifika magotini. Sasa nachanganya angora robo hivi na sufu ya kondoo robo tatu. Ule ukungu laini juu ya uzi unabaki, na nguo inakumbuka umbo lake.

Wa Kiingereza niliwagawa wote kwa mtu mwenye binti wawili wanaopenda kuchana. Pamba alikuwa wa mwisho kuondoka, kovu lake limefunikwa na manyoya hata sikulipata kwa kidole. Nimebaki na wa Kifaransa watatu. Dakika 15 kila mmoja, mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu, hiyo ninayo. Ukutani nimetundika daftari: jina, tarehe ya kukatwa, uzito wa manyoya, kinyesi kikoje. Wiki iliyopita mtu alitaka nimuuzie watoto wanane waliozaliwa, wote. Nilimuuliza ana saa ngapi za bure kwa wiki. Akanijibu ana nafasi ya kutosha nyuma ya nyumba. Nimemwekea wawili.

Kesho ni siku ya 90 ya jike mkubwa, na draya imeungua jana. Nitamchana kwa mkono.